Ukitaka kuunganisha umeme na kemia ya nano, anza na mkebe wa silika jeli

Vijana wanaosoma uhandisi wa umeme hapa Mwanza wameniuliza mara kadhaa iwapo inafaa mtu mmoja kutafiti mifumo ya umeme na papo hapo kemia-fizikia ya vitu vya ukubwa wa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Nimefanya kazi pande zote mbili kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila swali liwe moja. Mwenye maswali mawili ana kazi mbili, na muda hautamtosha.

Swali langu nililipata katika kituo cha kupozea umeme. Transfoma kubwa ina tangi dogo juu yake linalopokea mafuta yanapopanuka. Mzigo ukizidi, mafuta hupata joto na hewa husukumwa nje; usiku yanapopoa, transfoma huvuta hewa ndani, na kwetu hewa hiyo imepita juu ya ziwa, imebeba unyevu, nao unyevu huyadhoofisha mafuta yanayozuia cheche. Ndiyo maana katika njia ya hewa huwekwa mkebe wa silika jeli, yaani punje za kufyonza unyevu; jeli hiyo mara nyingi ni ya buluu ikiwa kavu na ya pinki ikishashiba maji. Fundi aliyenionyesha aliniambia, "Ikiwa pinki tunabadilisha, mwalimu," na kwa kazi yake maelezo hayo yalitosha. Mimi nilitaka kujua maji yamejificha wapi. Punje ya silika jeli ina vitundu vyenye upana wa nanomita mbili au tatu hivi, na kuta za vitundu vyote katika gramu moja, kama zingetandazwa, zingefunika mita za mraba zipatazo 700. Molekuli za maji hunata kwenye kuta hizo, na kwa kuwa tundu ni jembamba mno, mvuke hugeuka maji humo hata kabla hewa ya nje haijafikia hali ya kutonesha umande. Hapo ndipo nilipoona kwamba gridi na nanomita vinakutana mahali ambapo fundi hupita kila wiki.

Baadaye nilijaribu kuchanganya chembe za nano za oksidi ya titani katika mafuta ya transfoma, ili nione kama yatahimili volteji kubwa zaidi. Kipimo chenyewe kinajulikana: elektrodi mbili, yaani vipande vya chuma vya kupitishia umeme, zinaachanishwa milimita 2.5 ndani ya mafuta, volteji inapandishwa kilovolti 2 kila sekunde hadi cheche ipite, jambo hilo linarudiwa mara sita, kisha unachukua wastani. Majibu ya mwanzo yalinifurahisha sana. Masika yalipoanza, mafuta yaleyale yenye chembe yakawa dhaifu kuliko yasiyo na kitu. Nilipoteza takriban miezi miwili nikilaumu chembe, nikibadilisha kiasi chake na namna ya kuzikoroga, ilhali kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikifungua chupa katika chumba chenye unyevu bila kupima maji yaliyomo. Uso wa oksidi ya titani hupenda maji, kwa hiyo chembe zilikuwa zikikusanya unyevu ambao mafuta matupu yasingeushika kwa namna ile.

Kwa hiyo nawasihi mpime maji kwanza, kwa njia ya Karl Fischer, yaani kipimo cha kikemia cha kiasi cha maji, ikiwa maabara yenu inayo, na muandike unyevu wa chumba kando ya kila matokeo, hata siku mnayoona hewa ni kavu. Kumbukeni pia kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na uwezo wake wa kuzuia cheche ni mdogo kuliko wa pwani. Takwimu za vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mahali pengine zinahitaji kusahihishwa kabla ya kutumika hapa.

Jambo ambalo ningependa mlizingatie kuliko yote ni kukaa na mafundi. Mwanakemia atakufundisha kwa nini chembe hushikana na kutuama chini ya chupa, lakini anayejua ni mkebe upi wa transfoma ipi hugeuka pinki mapema kuliko mingine ni yule anayeukagua. Mimi sasa, kabla ya kuandaa sampuli yoyote, humpigia simu fundi huyo nimuulize mikebe yake ina rangi gani wiki hii.