Mkishafunga cheni, acheni ufunguo mezani

Wadogo zangu, juzi nimemkuta kijana kabadilisha cheni ya taimingi, ile inayounganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu (zinazofungua valvu). Kafunga kava ya mbele ya 2AZ, injini ya Toyota ya lita 2.4, hajazungusha kranki hata nusu, tayari anaulizia ufunguo wa gari. Nikaficha ufunguo. Akanuna. Nuneni tu, lakini haya nimechoka kuyarudia kwa mdomo.

1. Kabla hujamtajia mteja bei ya cheni, pima oili. Gari likilala, asubuhi likakereza upande wa cheni sekunde chache kisha likanyamaza, kumbuka kwamba tenshena, kile kikaza cheni, inasukumwa na presha ya oili. Kuna wateja wanaobadilisha oili siku wanayobadilisha betri. Na mashine ya kusoma makosa ya gari ikikuandikia kodi P0016, imesema kranki na kemu havipatani, basi. Haijakwambia nunua cheni. Cheni inaweza kuwa imerefuka, na inaweza pia kuwa gia ya VVT, ile inayobadilisha taimingi ya kemu, imekwama kwa uchafu. Fungua kava ya juu utazame.

2. Pingili za cheni zenye rangi ni za kulinganishia alama wakati wa kufunga tu. Ukishazungusha injini zinahama, na hazirudi kwenye alama zake mpaka mizunguko mingi ipite. Kila mwaka napata kijana anayekuja mbio kuniambia "taimingi imeruka, bro", kumbe anatafuta rangi. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, kemu itakuwa imezunguka mmoja. Alama ya puli ya kranki ikirudi sifuri na alama za spoketi, yale magurudumu ya meno ya cheni, zikikaa mahali pake, uko salama.

3. Tenshena. Hii nitaichukulia muda, maana hapa niliaibika.

Tenshena ya 2AZ inaingilia nje, ubavuni mwa injini, nati mbili. Unasukuma pistoni yake ndani, unaitega kwa ndoano, unafunga. Kisha unarudisha kranki nyuma kidogo ili ndoano iachie, halafu unaipeleka mbele uone pistoni imetoka na kuibana cheni. Yote hayo nilikuwa nayajua. Ningeweza kuyasema usingizini. Lakini ilikuwa wiki ya Krismasi, gari ni Harrier 2.4, ile tako la nyani, mwenyewe anapeleka familia Moshi, amekaa juu ya tairi pale mlangoni, na kila akikohoa najua anakohoa kwa ajili yangu. Nikakaza nati, nikaingia ndani, nikapiga stata.

Ulitoka mlio kama wa misumari inayomwagwa kwenye karai. Baada ya hapo injini ikawa inazunguka laini mno. Ulaini ule mnaujua: kompresheni imeondoka, mitungi haibani tena hewa.

Ningenyamaza, ingekuwa nafuu. Nikaanza kupayuka kwamba cheni ni feki, kwamba yule muuza spea wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, katupiga. Nilimtukana mbele ya mteja, na mwenyewe hayupo kujitetea. Bosi hakusema kitu. Alichukua racheti, akafungua zile nati mbili, akaichomoa tenshena na kuniwekea kiganjani. Ndoano ilikuwa bado imeshika pini yake, imetulia, vilevile nilivyoitega. Pistoni haijatoka hata milimita. Maana yake cheni ilikuwa imelegea muda wote, ikaruka meno, valvu zikagongana na pistoni za injini.

Hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ilishushwa usiku uleule. Valvu, gasketi ya hedi na bolti zake vilikatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo mpaka nikasahau mshahara mzima unafananaje. Mteja na wanawe walipanda basi. Sikukuu zilipoisha bosi akanituma vifaa dukani kwa muuza spea yuleyule, kwa masharti: kwanza niombe radhi, ndipo nitoe hela. Yule mzee alinisikiliza, akanipa soda, kisha bei akanipandishia.

4. Sahani ya sensa ya kranki ina herufi F. F itazame mbele.

5. Injini hii ina cheni ya pili, ile ndogo ya pampu ya oili. Ukishafika mpaka pale, ikague na tenshena yake. Kuirudia peke yake ni kazi ileile ya kufungua mbele yote, na mteja hatalipa mara mbili. Wala mimi nisingelipa.

6. Tenshena ikiwa nje ya injini, usizungushe kranki. Hata kidogo. Hata "nione tu".

7. Silikoni: uzi mwembamba, usikatike. Nyie mnapaka siagi. Inayozidi kwa ndani inabanduka, inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, inaziba chujio la pampu, halafu mnanipigia simu kwamba taa ya oili inawaka na cheni mpya inalia. Na uso ufutwe mafuta kwanza. Brekiklina ipo kabatini, au ilikuwepo. Anayeichukua kung'arishia rimu zake ajitokeze kabla sijamtaja.