Taa za kuongeza kwenye pikipiki ya matairi manne

Mkuu, unataka LED mbili za kuonea njia ya shambani usiku bila kuua betri. Basi anza na umeme. Injini ikinguruma juu ya sailensa (mwendo wake wa chini ikiwa imesimama), betri isome volti 13.5 hadi 14.5. Ukiwasha taa ikashuka chini ya 13, chaji haitoshi.

LED mbili za wati 18 hula ampea 3 tu; halojeni (balbu za kizamani za waya) mbili za wati 55 hula zaidi ya 9, mzigo mkubwa kwa injini ndogo. Wati za kwenye boksi usiziamini (wauzaji hao!), pima ampea mwenyewe.

Moja iwe ya mwanga mrefu, nyingine ya kutawanya, zote IP67, yaani haziingizi vumbi wala maji. Zifunge chini, kwenye bampa: zikikaa karibu na macho, vumbi linakurudishia mwanga. Weka raba kwenye bolti, maana mtikisiko hukata vishikio.

Waya mpya kutoka betri, fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, kisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Usiunge kwenye waya wa taa ya zamani, unaweza kuuchoma. Kama taa yako hufifia injini ikipunguza mwendo, huenda inalishwa moja kwa moja na koili inayozalisha umeme kwenye injini, bila betri. Hapo mwite fundi umeme.