Mwanangu amenipita kimo, kilabuni wananicheka

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi, Makambako mkoani Njombe. Nina futi tano na inchi tatu, na mama watoto ni mfupi kuliko mimi. Marehemu baba na babu walikuwa hivyo hivyo. Kijana wetu wa kwanza, yuko kidato cha pili, ameshanipita kwa inchi tano. Kwenye ulanzi wananitania kwamba ninalea mtoto wa mwenzangu, na mke wangu zikimfikia habari hizo analia. Huyu kijana alikua tukiwa na ng'ombe wa maziwa na bomba la maji uani. Ng'ombe tulimuuza kabla mdogo wake hajazaliwa, na huyo mdogo sasa ana miaka minne, mwili wake ni wetu kabisa. Je, ukoo wa wafupi unaweza kuzaa mrefu?
Baba Kijana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaweza, tena sana. Na kama nawe ulishamtazama mama watoto kwa jicho la wale wa kilabuni, mwombe radhi leo. Kimo hakithibitishi baba wala hakimkanushi. Mwenye shaka ya kweli aende kwenye kipimo cha DNA cha Mkemia Mkuu wa Serikali, si kwenye ulanzi.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto huko huko Nyanda za Juu Kusini mpaka nikastaafu, na "sisi ukoo wetu ni wafupi" nimeisikia mpaka basi. Kurithi kupo. Ila mbegu ya gunia moja ukiipanda nusu kwenye shamba lililochoka na nusu kwenye samadi, utavuna mahindi ya vimo viwili, na mkulima hanihitaji mimi kumweleza hilo. Korea Kusini, wanawake waliozaliwa 1996 wamewapita waliozaliwa 1896 kwa sentimita 20 hivi. Vinasaba vya taifa zima havigeuki katika miaka mia. Chakula, maji na matibabu ndivyo vilivyogeuka. Na mambo hurudi nyuma pia: Uganda na Rwanda, waliozaliwa miaka ya 1990 ni wafupi kuliko waliozaliwa miaka ya 1960.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa ni kama nusu. Mikoa inayolisha nchi! Debe limejaa mahindi, lakini mtoto anakula uji mweupe asubuhi na ugali kwa mchuzi wa majani jioni, mama yuko shambani tangu alfajiri, na uji ulioachwa umelala na nzi. Akiharisha mara kwa mara au akiwa na minyoo, hata hicho kidogo alichokula mwili unakitumia kupambana na ugonjwa, mifupa inakosa. Kipindi kibaya zaidi ni tangu mimba mpaka anapotimiza miaka miwili. Babu yako alikipitia hivyo, baba yako hivyo, kisha mkaita ni ukoo.

Kijana wako alikutana na maziwa na maji safi ndani ya kipindi hicho, akafika alikopaswa kufika. Huyo hana neno.

Mwenye neno ni mdogo wake. "Mwili wetu kabisa" ndiyo sentensi iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Mchukue na kadi yake mwende kliniki wiki hii, na mwambie muuguzi ampime urefu, asiishie kwenye mizani, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene wa kutosha. Uliza pia dawa ya minyoo. Nyumbani, uji wake utiwe karanga zilizosagwa au dagaa wa unga, na kama mnafuga kuku, trei moja ya mayai kati ya zile mnazouza ibaki ndani, yake na ya mama yake, hasa kama kuna mimba nyingine njiani.

Ng'ombe mkipata uwezo, rudisheni.