Vidole vikiganda, breki huna

Ile kirikuu, kigari cha mizigo, niliyoigonga kwa pikipiki yangu pale Usa River, karibu na Arusha, ilikuwa imebeba ndizi, na namshukuru Mungu kwa ndizi zile, maana kifua changu kiliishia kwenye mikungu badala ya kwenye bati. Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, manyunyu. Kirikuu ikapunguza mwendo kwenye tuta, taa zake nyekundu niliziona vizuri kabisa, akili ikasema shika breki. Vidole havikushika. Vilikuwa vimekakamaa kwenye usukani tangu Tengeru, na kabla sijavikunjua nilikuwa nimeshafika. Dereva akashuka, akanitazama juu mpaka chini. "Kaka, ulikuwa umelala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimeganda.

Nafunga madishi na ving'amuzi, nakaa Ngaramtoni, na huu ni mwaka wa 11 pikipiki ndiyo ofisi yangu. Kila Juni nasikia watu kijiweni wakionyana kuhusu utelezi. Sawa, utelezi upo. Ila kipupwe cha kwetu kinaanza na mikono, na mikono ndiyo breki, ndiyo klachi, ndiyo kila kitu.

Tunakidharau kwa sababu simu inasema nyuzi 12, na nyuzi 12 unazivumilia ukiwa umesimama na sweta lako. Endesha kilomita 60 kwa saa, ngozi itasikia kama nyuzi 8, na hapo bado hujalowa. Kwa mwendo huohuo, kila sekunde unayochelewa kubana breki unakula mita 16 au 17 za lami. Kirikuu haikuwa mbali hivyo.

Kwa hiyo nina kipimo changu. Nikisimama kwenye mataa, nagusisha dole gumba na kidole cha mwisho. Vikigusana bila shida, naendelea. Vikigoma, au vikijivuta, naegesha kabisa. Sisemi napunguza mwendo. Nazima injini, natafuta mama ntilie. Kikombe cha chai ya tangawizi, kukishika kwa mikono miwili kunasaidia kuliko hata kukinywa. Usipashe mikono kwenye eksozi, maana kidole chenye ganzi hakikuambii kwamba kinaungua. Kovu langu liko hapa kwenye kiganja cha kulia. Na mbege, chalii wangu, hapana. Pombe inasukuma damu kwenye ngozi, unajiona umepata moto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka hilo.

Glavu za ujenzi, zile za uzi zenye mpira kiganjani, ni rahisi ila zinanyonya maji kama sponji. Mimi nilichambua za ngozi kwenye mitumba, na siku za mvua navaa ndani yake glavu nyembamba za mpira kama za hospitali. Ile mifuko ya kuvalisha kwenye usukani nayo ni mizuri, ila ijaribu kwanza ukiwa umesimama: toa mkono, rudisha, tafuta breki. Ukihangaika kuipata, iache dukani.

Kitu kilichonichukua miaka kukielewa ni kwamba vidole vinalindwa kifuani. Mwili ukipoa katikati, unapunguza damu inayokwenda pembeni. Ndiyo maana bodaboda wanavaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, upepo usipate pa kuingilia. Anayewacheka hajaendesha asubuhi. Chini ya koti naweka gazeti lililokunjwa. Miguuni zamani tulivaa rambo juu ya soksi, lakini mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 1, 2019, nasi tukahamia kwenye mabuti ya mvua. Mazingira yamepona, nakubali. Vidole vyangu vya miguu bado vina manung'uniko.

Abiria ndiye simalizi kumsema. Baridi ikija kila mtu anajifunika: shuka la Kimaasai, kitenge, khanga mbili. Pindo likining'inia nyuma, spoki au mnyororo unalidaka, na kinachofuata ni abiria kuvutwa chini na shuka lake mwenyewe. Nilimpakia mama mmoja kutoka Sakina, nikamwomba akalie pindo zote mbili. "Mwanangu, mbona unanifunga kama mzigo?" Nikamwambia, mama, mzigo haujawahi kunidondoka. Akacheka, akakalia.

Mtego mwingine ni safari ya Moshi. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000. Ukifika Boma Ng'ombe jua limeshatoka, unavua koti, unajiona mjanja, pengine unaliacha kwa mwenyeji wako. Jioni unapandisha kurudi na fulana. Koti lifunge kwenye keria, hata kama Moshi watu wanakushangaa.

Ukungu, hasa ukipandisha Oldonyo Sambu kwenda Namanga: tumia taa fupi, kwa sababu ile ndefu inapiga ukungu na kukurudia machoni. Kioo cha helmeti kisifunge kwa mvuke, kisugulie ndani kipande cha sabuni kikavu, kisha ufute kwa kitambaa laini mpaka kiwe safi.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla hujaondoka. Tairi uliyoipima mchana ikiwa ya moto, alfajiri ya baridi itakuwa imelegea. Choki ivute, piga kiki, usikimbilie kupiga resi. Injini ikishatulia irudishe, maana ukiisahau inakula mafuta na kuchafua plagi. Dakika hizo mbili za kusubiri ndizo ninazotumia kuvaa glavu.