Maswali Yenu: Wafiwa Waliokaa Mkeka Mmoja

Majuzi niliandika mistari mitatu tu kuhusu Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi ya amani bega kwa bega. Simu yangu haijatulia tangu siku hiyo. Nayachukua maswali matano; mengine yalikuwa matusi, hayo nimewaachia wenyewe.

Salaam, mwandishi. Ulisema kuna wazazi waliouliwa watoto, wa pande zote mbili, na wanakutana. Mimi nina watoto wanne. Nisingeweza. Wao wanawezaje? – Mama wa Tanga

Mama yangu, hata Rami Elhanan hakuweza, mwanzoni. Binti yake Smadar, miaka 13, aliuawa Septemba 1997 na washambuliaji wa kujitoa mhanga katika mtaa wa Ben Yehuda, Jerusalem. Katika siku za matanga alikuja Yitzhak Frankenthal, ambaye mwanawe Arik aliuawa mwaka 1994 na Hamas, kundi la wapiganaji wa Kipalestina, na ambaye mwaka 1995 alianzisha kundi la wafiwa liitwalo Parents Circle. Baadaye Rami alipojua mgeni yule ni nani, alimkasirikia: unathubutuje kuingia nyumba yenye msiba ukiwa na habari za amani? Mwaka mmoja ulipita ndipo akaenda kwenye mkutano wao, akasimama pembeni kama mtu asiyetaka kuonekana. Basi likafika, Wapalestina wakashuka, na miongoni mwao mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, picha ya mtoto wake kifuani. Mke wa Rami naye alikuwa akilia juu ya picha ya namna hiyo nyumbani. Hapo ndipo kiburi kilipomwisha.

Mwenzake ni Bassam Aramin, Mpalestina aliyefungwa miaka 7 katika jela za Israel tangu akiwa kijana wa miaka 17. Januari 2007 binti yake Abir, miaka 10, alipigwa risasi ya mpira kichwani karibu na shule yake huko Anata, na aliyefyatua alikuwa askari wa mpakani wa Israel. Hakuna askari aliyeshtakiwa. Bassam alipeleka kesi ya madai mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ikaamua kwamba dola ya Israel inawajibika kwa kifo hicho. Halafu zaidi ya wanajeshi 100 wa zamani wa Israel wakaenda kujenga uwanja wa michezo katika shule ya Abir. Wale wazee wawili walikuwa wakifahamiana kabla ya msiba huu wa pili, na hadi leo wanazunguka pamoja kusimulia.

Kundi lina familia zaidi ya 600. Kuingia kwake kuna sharti moja ambalo hakuna anayelitamani: uwe umefiwa na ndugu wa karibu katika mgogoro huu.

Hivi vikundi si dawa ya usingizi tu, Wapalestina wazoee ardhi yao kukaliwa na jeshi la Israel? – Msomaji, Mombasa

Swali lako lina miguu, na Wapalestina wenyewe ndio wanaoliuliza kwa ukali zaidi. Wana neno lake la Kiarabu, tatbii: kuendesha mambo kana kwamba kila kitu ni kawaida, na ukuta uliojengwa na Israel katika ardhi yao ukiwa bado umesimama. Januari 2024 vuguvugu la kuisusia Israel lilitaka hata kundi la Standing Together, la Wayahudi na Wapalestina raia wa Israel, lisusiwe kwa sababu hiyo.

Kipimo changu ni hiki. Kundi linaloitana kula hummus na kupiga picha, bila kulitaja neno ukaliaji, simalizi hata kusoma kijitabu chake. Lakini Combatants for Peace, lililoanza mwaka 2006 kwa wanajeshi wa zamani wa Israel na wapiganaji wa zamani wa Kipalestina, linatamka wazi kwamba ukaliaji lazima uishe. Na hao Standing Together, Mei 2024 vijana wao walikwenda kuyalinda malori ya msaada wa Gaza kwenye kituo cha ukaguzi cha Tarqumiyah, dhidi ya Waisraeli wenye siasa kali waliokuwa wakiyavamia na kumwaga unga barabarani. Mtu anayesimama kati ya gunia la unga na anayetaka kulimwaga, mimi simwiti mleta usingizi. Mpalestina wa Gaza akikataa bado kumwita mwenzake, ana haki. Njaa ni yake.

Shikamoo mzee. Mbona tunasikia za Waisraeli tu? Wapalestina hawana watetezi wao? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Wanao, tena wa siku nyingi. Al-Haq, shirika la haki za binadamu, lilianzishwa Ramallah katika Ukingo wa Magharibi mwaka 1979, miaka 10 kabla ya B'Tselem, shirika la Kiisraeli la kazi hiyo hiyo lenye makao Jerusalem. Oktoba 2021 Israel ikaliweka, pamoja na mashirika mengine matano ya Kipalestina, katika orodha ya magaidi.

Kijiji cha Bil'in, katika Ukingo wa Magharibi, kiliandamana kila Ijumaa tangu 2005, na Waisraeli wakija kuungana nao, kwa sababu ukuta ulipita katikati ya mashamba yao. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Israel ikaamuru njia ya ukuta ibadilishwe. Ukasogezwa mwaka 2011. Hesabu mwenyewe Ijumaa hizo.

Na usidhani adhabu hutoka upande mmoja. Mwaka 2020 Rami Aman wa Gaza alizungumza na Waisraeli kwa video kupitia mtandao. Hamas, waliokuwa wakitawala Gaza, wakamfunga zaidi ya miezi 6.

Fedha wanapata wapi? – Kigoma

Serikali za Ulaya, makanisa, wafadhili wa Kiyahudi walio nje, watu binafsi. Mwaka 2020 Marekani ilipitisha sheria ya dola milioni 250 kwa miaka 5 kwa kazi za aina hii. Bei ya ndege chache za kivita, nadhani.

Baada ya 7 Oktoba kuna aliyebaki? – Msomaji, Arusha

Unajua kwa nini swali hili linatugusa: siku ile ya mwaka 2023, Hamas walipoishambulia Israel, waliuawa pia vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo katika vijiji vya Israel vya karibu na Gaza.

Vijiji hivyo hivyo vilikuwa na wapenda amani wengi. Vivian Silver wa Be'eri alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, vuguvugu la wanawake wa Israel wanaodai amani. Tarehe 4 Oktoba 2023 wanawake hao waliandamana pamoja na wenzao wa Kipalestina, Women of the Sun. Siku tatu baadaye Vivian aliuawa nyumbani kwake, na zaidi ya mwezi watu walidhani ni mateka. Mwanawe Yonatan aliacha kazi yake ya ustawi wa jamii, akaingia katika kazi ya mama.

Vivian alikuwa pia dereva wa kujitolea. Kundi la Road to Recovery, lililoanzishwa na Yuval Roth ambaye ndugu yake aliuawa na Hamas mwaka 1993, huwachukua wagonjwa wa Kipalestina, watoto wengi wao, kwenye vituo vya ukaguzi na kuwapeleka hospitali za Israel. Safari za Gaza zilikatika siku ile. Za Ukingo wa Magharibi zilirudi baada ya muda mfupi: alfajiri, gari la mtu binafsi, mama na mtoto kiti cha nyuma, na dereva ambaye mara nyingi hana Kiarabu cha kuzungumza nao.