Kwa nini vifo vya asbesto bado vinapanda

Umeuliza inakuaje vifo vya asbesto (yale madini ya nyuzinyuzi yanayotumika kwenye vifaa vya ujenzi kama paa) vinaongezeka wakati nchi zaidi ya 50 zimeshaipiga marufuku, ndugu shida ni kwamba huu ugonjwa unachelewa mno kujitokeza. Mtu anavuta vumbi leo, vile vinyuzi vinaganda kwenye mapafu havitoki, halafu mesotelioma, yaani kansa ya utando wa mapafu, inakuja kuonekana miaka 20 mpaka 50 baadae, kashastaafu na kazi yenyewe kaisahau. Uingereza walipiga marufuku 1999 na bado watu wanakufa. WHO wanakadiria zaidi ya laki 2 kila mwaka, hao ni waliovuta vumbi lake kazini tu! Na Urusi bado wanachimba na kuuza, inaniuma sana kwakweli. Hata waliokuwa wanafua tu nguo za kazi za waume zao wameugua.