Jibu: kuchanganya mwani wa maji baridi kwenye bwawa moja

Umeuliza kama ukikuza klorela na senedesmasi, aina mbili za mwani wa kijani wa seli ndogo sana, pamoja utapata biomasi (uzito wa mwani unaovunwa) nyingi kuliko kila mmoja peke yake. Si lazima. Mara nyingi mchanganyiko huzidi wastani wa aina hizo, lakini haumshindi yule aliye bora akiwa peke yake. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni uthabiti: rotifa, vijidudu vya majini wanaokula mwani, wakivamia bwawa la wazi, huanza na seli ndogo wanazoweza kumeza. Klorela ni duara la maikromita 2 hadi 10 tu, inamezwa kirahisi. Senedesmasi hujipanga seli 4 au 8 pamoja, na spishi nyingine zina miiba, kwa hiyo humezwa kwa shida, na bwawa halifi lote kwa mkupuo. Tena makundi hayo huzama upesi, jambo litakalokusaidia siku ya kuvuna.

Spirulina, ile inayouzwa kama unga wa lishe, usiichanganye humo. Yenyewe hustawi kwenye maji ya magadi, pH 9 hadi 10 na ushei, na hao wenzake wengi hawayapendi.

Kina kiwe sentimita 20 hadi 30, gurudumu la kukoroga lizunguke, la sivyo seli za chini hazipati mwanga. Halafu pima kila aina peke yake kwanza, kwenye ndoo, kwa mbolea ileile. Watu huruka hatua hii, kisha wanasifia mchanganyiko bila kuwa na cha kulinganisha nacho! Na hadubini iwe karibu: aina moja inaweza kuisonga nyingine hadi itoweke ndani ya wiki chache huku rangi ya maji ikibaki kijani kilekile.